Waziri wa 1939, Gavana wa 1963: Malcolm MacDonald Alikuwa Nani?

*Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili huko Kakamega. Tulipofika kwenye uhuru wa Kenya, wanafunzi wa kidato cha tatu waliniuliza: Je, Malcolm MacDonald, gavana wa mwisho, alikuwa mwanasiasa au mwanadiplomasia? Na ilikuwaje gavana wa mkoloni akabaki Nairobi baada ya uhuru, hata akawa balozi, bila mtu kumwambia afunge virago? Nilishindwa kuwajibu vizuri.*

Mwalimu, nakushukuru kwa swali, na uwapongeze wanafunzi hao kwa niaba yangu. Wameshika mahali ambapo vitabu vyetu vingi vya shule hupita mbio.

Kwa kifupi, alikuwa vyote viwili, kwa zamu. Kuanzia 1929 hadi 1941 alikuwa mwanasiasa wa London: mbunge, naibu waziri, kisha waziri kamili. Kuanzia 1941 hadi 1969 kazi zake karibu zote zilikuwa nje ya Uingereza: Ottawa, Singapore, Delhi, Geneva, mwishowe Nairobi. Lakini ukiwapa wanafunzi jibu hilo peke yake utakuwa umewanyima kilicho muhimu zaidi. Januari 1963 aliposhuka Nairobi, mambo ya Kenya hayakuwa mageni kwake. Mwaka 1939 ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni wakati Nyanda za Juu za Wazungu zilipowekewa mipaka kwa amri ya kifalme. Miaka 24 baadaye akaja kukabidhi serikali kwa watu walioipigania ardhi ileile. Maisha yake nayasoma kati ya tarehe hizo mbili, na naamini wanafunzi wako watamwelewa vizuri zaidi wakianzia hapo.

Alizaliwa Agosti 1901 huko Lossiemouth, mji wa wavuvi kaskazini mwa Uskoti. Baba yake, Ramsay MacDonald, alizaliwa palepale na mtumishi wa kike asiyeolewa, akakua katika umaskini, na Januari 1924 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa chama cha Labour. Mama yake, Margaret, alifariki mwaka 1911, Malcolm akiwa ametimiza miaka 10 tu. Ukifika London, katika bustani ya Lincoln's Inn Fields karibu na nyumba waliyokuwa wakiishi, utaona sanamu ya shaba ya mama huyo: amepiga magoti, mikono ameikunjua, watoto wadogo wamemzunguka kama vifaranga. Malcolm alikulia katika nyumba iliyokuwa na huzuni hiyo, na papo hapo wageni wa siasa wakiingia na kutoka kila siku.

Baada ya masomo ya Oxford alijaribu ubunge katika jimbo la Bassetlaw mara mbili, 1923 na 1924, akashindwa. Mwaka 1929 akapita. Miaka miwili baadaye uchumi wa dunia ukaporomoka, na baba yake akaunda serikali ya mseto pamoja na wapinzani wake wa Conservative. Chama cha Labour kilimwona msaliti na kikamfukuza. Malcolm alikuwa mmoja wa wabunge wachache sana wa Labour waliosimama na mzee, na kuanzia hapo hakuwa na chama chenye mizizi. Mwaka 1935 baba na mwana walikaa katika baraza moja la mawaziri, jambo la nadra, na Novemba mwaka huohuo wote wawili wakapoteza viti vyao. Februari 1936 Malcolm alirudi bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa Ross na Cromarty huko Uskoti, ambako alimshinda Randolph Churchill, mtoto wa Winston.

Kutokuwa na chama cha kumbeba ndiko kulikomtengeneza. Waziri mwenye jeshi la wabunge nyuma yake huweza kugonga meza. MacDonald hakuwa nalo, kwa hiyo alijifunza kuketi na mpinzani muda mrefu hadi ajue kinachomuuma.

Ireland ilikuwa shule yake. Tangu 1932 Uingereza na serikali ya Éamon de Valera walikuwa katika vita vya ushuru, kwa sababu Wairish walikataa kuendelea kulipa madeni ya ardhi ya zamani. Mawaziri wengi wa London hawakutaka hata kumsikia de Valera. Ila de Valera alikuwa na maradhi ya macho, na alipokwenda Zurich kutibiwa alipitia London. MacDonald alimfuata hotelini, Grosvenor, jirani na stesheni ya Victoria, wakazungumza faraghani. Mazungumzo ya namna hiyo yaliendelea kwa muda mrefu, na Aprili 1938 mkataba ukatiwa saini: Ireland ililipa pauni milioni 10 kwa mkupuo, madai makubwa mno kuliko hayo yakafutwa, na Uingereza ikarudisha bandari tatu ilizokuwa bado inazishikilia, Cobh, Berehaven na Lough Swilly. Winston Churchill aliushambulia mkataba huo bungeni kwa hasira. Vita vilipokuja na manowari za Kijerumani zikaanza kuzamisha meli katika Atlantiki, wengi walisema Churchill alikuwa sahihi. Mimi naona MacDonald ndiye aliyeona mbali. Bandari zilizoshikiliwa kwa nguvu ndani ya nchi yenye uhasama zingehitaji jeshi la kuzilinda.

Mwezi mmoja baadaye, Mei 1938, alihamishiwa Wizara ya Makoloni, na hapo ndipo sifa zake zinapopungua.

Palestina, iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza, ilikuwa inawaka moto wa uasi wa Waarabu. Mapema 1939 MacDonald aliitisha mkutano London. Wajumbe wa Kiarabu walikataa kuketi meza moja na wajumbe wa Kiyahudi, kwa hiyo Waingereza walikutana na kila upande peke yake. Hakukuwa na mapatano. Mei 1939 akatoa waraka wa sera uliopanga nchi huru ndani ya miaka 10, ukapunguza uuzaji wa ardhi kwa Wayahudi, na ukaweka kikomo cha wahamiaji wa Kiyahudi 75,000 kwa miaka mitano. Baada ya hapo wasingeingia tena bila ridhaa ya Waarabu. Bunge liliupitisha kwa kura 268 dhidi ya 179. Wayahudi waliukataa, na uongozi wa Waarabu wa Palestina pia. Serikali ilikuwa ikihesabu vita inavyokuja: ilitaka Waarabu watulie, mafuta yapite, njia ya Suez iwe salama. Lakini mlango ulifungwa mwaka uleule ambao Wayahudi wa Ulaya waliuhitaji kuliko wakati wowote, na waliofungiwa nje wengi waliuawa. Hesabu za vita hazifuti jambo hilo. Wanafunzi wako wanapaswa kujua kwamba mtu mpole, msikivu, mwenye nia njema, aliweka saini yake kwenye waraka wa namna hiyo.

Sasa turudi Kenya. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyoundwa 1932, ilikuwa imependekeza mipaka ya ardhi ya Wazungu na ya rizavu za Waafrika. Utekelezaji ulifika mikononi mwa MacDonald. Mwaka 1939 amri ya kifalme iliyotoka chini ya wizara yake iliweka mipaka ya Nyanda za Juu, na kuunda bodi ya kuzilinda zibaki mikononi mwa Wazungu. Jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa desturi na maagizo ya maofisini likawa sasa mstari wa kisheria. Mwaka uliotangulia Wakamba walikuwa wameandamana hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo yao, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akapelekwa kizuizini Lamu. Malalamiko yao yalimfikia Waziri wa Makoloni huko London, naye ni huyuhuyu.

Na mwaka huo wa 1938, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ofisi ya MacDonald, aliishi Mkikuyu aliyekuwa amesomea anthropolojia katika chuo cha London School of Economics na ndiyo kwanza amechapisha kitabu kuhusu watu wake na ardhi yao. Aliitwa Jomo Kenyatta. Mmoja alikuwa waziri, mwingine mwanafunzi mwenye madeni ya pango. Huwa nawaambia wanafunzi wangu waifungue ramani ya London waweke vidole juu ya sehemu hizo mbili.

Kuna jema moja la wizara hiyo ambalo nisipolitaja nitakuwa nimemdhulumu: sheria ya 1940 ya maendeleo na ustawi wa makoloni, iliyotenga hadi pauni milioni 5 kwa mwaka kwa ajili ya maendeleo, na nusu milioni kwa utafiti. Kabla ya hapo koloni lilitegemewa lijilishe lenyewe. Fedha hazikuwa nyingi kwa dola lenye mamilioni ya watu, ila kanuni ilibadilika.

Churchill alipochukua uongozi Mei 1940 alimpa MacDonald Wizara ya Afya, miezi ambayo mabomu yalikuwa yakiinyeshea London na watu wakilala kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi. Juni mwaka huo alitumwa tena Dublin kwa de Valera, safari hii na pendekezo zito: Uingereza ingekubali Ireland iungane kama nchi moja, nayo iingie vitani. De Valera alikataa. Hakuamini kwamba viongozi wa Belfast wangekubali. Mwaka 1941 MacDonald akapelekwa Ottawa kuwa mwakilishi wa Uingereza nchini Canada. Ilibidi bunge litunge sheria ya muda ili mtu anayeshika kazi ya serikali ng'ambo asivuliwe ubunge, naye akabaki mbunge kwa jina hadi 1945. Lakini siasa za London zilikuwa zimekwisha kwake.

Huko Canada alikuwa akiamka kabla ya jua, anavuka mto Ottawa kwa mtumbwi, na kukaa kimya kando ya kijito akiwatazama ndege. Akaandika kitabu kizima juu ya ndege wa kijito hicho, na baadaye vingine kuhusu ndege wa bustani yake ya India na wanyama wa Kenya. Nimekitaja kwa sababu subira ya mtu anayengoja ndege atokee kichakani ndiyo aliyoitumia kwa watu.

Asia ya Kusini-Mashariki, kuanzia 1946 hadi 1955, nitaipitia haraka ingawa ni miaka mingi. Alikuwa Gavana Mkuu, kisha Kamishna Mkuu wa eneo zima, kutoka Malaya hadi Borneo. Wazungu wa Singapore walinung'unika kwamba anavaa shati bila koti, anawaalika Wachina, Wahindi na Wamalay nyumbani kwake kama wageni sawa na wengine, na huko Borneo anatembea kwa mikono, miguu juu, kuwafurahisha wenyeji wake. Wakati Wakomunisti wakipigana msituni, yeye aliunga mkono kamati ndogo iliyowakutanisha viongozi wa Kimalay, wa Kichina na wa Kihindi wazungumze yale ambayo hadharani yangewasha moto. Kisha akawa balozi India, 1955 hadi 1960, na baada ya hapo mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Geneva kuhusu Laos uliomalizika 1962.

Ndipo Kenya ikamwita, au tuseme, ndipo London ilipokwama na Kenya. Gavana aliyemtangulia, Sir Patrick Renison, mwaka 1960 alikuwa amemwita Kenyatta hadharani kiongozi wa kuelekea giza na mauti. Kenyatta alitoka kizuizini Agosti 1961 na ikawa wazi kwamba ndiye atakayeongoza nchi. Gavana angefanyaje kazi na waziri mkuu ambaye alishamtukana hivyo? Waziri wa Makoloni, Duncan Sandys, alimwondoa Renison na kumtafuta MacDonald, aliyekuwa na umri wa miaka 61.

Hapa alifanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Wengi London walitaka kwenda polepole: kila mwezi wa kuchelewa ulionekana ni mwezi wa usalama kwa walowezi. MacDonald alikaa na viongozi wa vyama viwili vikuu vya Waafrika, KANU na KADU, kwa miezi michache, akafikia hukumu iliyo kinyume kabisa: hatari iko kwenye kuchelewa. Alihimiza katiba imalizwe na uchaguzi ufanyike. Mei 1963 Wakenya wakapiga kura, KANU ikashinda, na tarehe 1 Juni Kenyatta akawa Waziri Mkuu wa serikali ya ndani. Gavana alibakiwa na ulinzi, mambo ya nje na dhamana ya mwisho ya usalama. Agosti Kenyatta aliwahutubia walowezi Nakuru, akawaambia wasahau yaliyopita na wakae walime. Desemba 12 bendera ikabadilishwa.

Naamini alijifunza haya Ireland kwa kufaulu na Palestina kwa kushindwa. Kotekote aliona kwamba mtawala akishikilia kitu ambacho muda wake umepita, hupoteza kitu chenyewe na urafiki pia.

Kuhusu swali la pili, waandikie wanafunzi ubaoni kwamba aliishika Kenya kwa kofia tatu, na kila kofia ilikuwa na mwajiri wake. Hadi Desemba 12, 1963 alikuwa Gavana: mtumishi wa London, mwenye mamlaka ya kutawala. Kutoka siku hiyo hadi Desemba 12, 1964 alikuwa Gavana Mkuu: mwakilishi wa Malkia ambaye bado alikuwa mkuu wa dola ya Kenya, lakini alifanya kazi kwa ushauri wa mawaziri wa Kenya. Kenyatta asingeridhia, asingebaki. Kenya ilipokuwa jamhuri na Kenyatta rais, cheo hicho kikafa, na MacDonald akavaa kofia ya tatu, Kamishna Mkuu wa Uingereza, jina wanalotumia mabalozi wa nchi za Jumuiya ya Madola kwa wenzao. Sasa alikuwa akibisha hodi katika serikali ambayo mwaka mmoja kabla alitia saini kwa niaba yake.

Kwamba Kenyatta alimkubali si ajabu. Januari 1964, siku chache baada ya mapinduzi ya Zanzibar, askari waliasi Tanganyika, Uganda, na kwetu kambini Lanet, na Kenyatta aliomba majeshi ya Uingereza yamsaidie. Alihitaji mtu ambaye London ingemsikiliza mara moja. Uingereza nayo ilihitaji Kenyatta adumu, na katika mvutano wa ndani ya KANU iliegemea waziwazi upande wake na kumwogopa Jaramogi Oginga Odinga. MacDonald hakuwa mtazamaji tu katika hilo. Urafiki wao ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa pia sera.

Kuna waliolipa gharama ya mwendo wake wa haraka. KADU, yenye Ronald Ngala na Daniel arap Moi, ilikuwa imeahidiwa katiba ya majimbo, yaani inayogawa madaraka kwa mikoa. Kwenye mkutano wa mwisho wa katiba huko Lancaster House, London, Septemba na Oktoba 1963, KANU ilidai marekebisho, na MacDonald aliishauri London ikubali kuliko kugombana na wenye nchi. Mwaka mmoja baadaye KADU ikajivunja. Wasomali wa NFD, wilaya ya mpaka wa kaskazini, waliumia zaidi. Tume ya 1962 ilikuta wengi wao wanataka kuungana na Somalia, lakini Machi 1963 Uingereza ikatangaza kwamba eneo lao litakuwa jimbo la saba la Kenya. Somalia ikavunja uhusiano na London. Desemba, Nairobi ikiwa bado inasherehekea uhuru, vita vya shifta, yaani vya Wasomali waliotaka kujitenga, vilikuwa vimewaka kaskazini, na hali ya hatari huko haikuondolewa hadi 1991. Mwalimu, ukiwa na mwanafunzi kutoka Garissa au Wajir darasani, mpe nafasi azungumze hapo.

Aliendelea kufanya kazi Afrika hadi 1969 kama mjumbe maalum wa Uingereza, miaka ambayo marais wengi walikuwa wameikasirikia London kwa sababu ya Rhodesia, ambako walowezi wachache wa Kizungu walijitangazia uhuru, na Tanzania ilikuwa imevunja uhusiano kabisa Desemba 1965. Mwaka 1969 alipewa Order of Merit, nishani wanayoivaa watu 24 tu kwa wakati mmoja, nayo haimpi mtu jina la Sir. Alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Durham hadi 1980, na hapo pia ndipo ulipofika mkusanyo wake mkubwa wa vyombo vya kauri vya Kichina. Alifariki Januari 1981 huko Kent, bado akiitwa Bwana MacDonald.

Lipo jambo moja lililofahamika baada ya kifo chake. Katika miezi ya mwisho ya utawala wake Nairobi, maofisa walichambua faili za serikali ya kikoloni. Nyingine zilichomwa, na takriban maboksi 300 yakasafirishwa kimya hadi Uingereza, ndani yake habari za kambi za Mau Mau. Serikali mpya ya Kenya haikuachiwa. Mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya wakiishtaki Uingereza kwa mateso waliyopata kizuizini, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba faili hizo zimehifadhiwa Hanslope Park, kaskazini mwa London. Juni 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, na waziri wake wa mambo ya nje akasema bungeni kwamba anasikitika kwa yaliyowapata.